Ufa na Ukuta: Historia Fupi ya Makombo na Nguo Kuukuu

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, wali uliobaki usiku ulipashwa moto asubuhi ukawa kifungua kinywa, na ukoko wa chunguni uligombewa na watoto. Kanga nayo ilikuwa na maisha marefu. Ilianza ikiwa vazi la kutokea, ikashuka cheo ikawa ya kushindia nyumbani, kisha mbeleko, kisha winda la mtoto mchanga, na mwisho wake tambara la jikoni. Hapana aliyeyaita mambo haya elimu wala siasa. Yalikuwa adabu ya nyumba, na mwanamke aliyeyajua alisifiwa kuwa mwekevu.

Siku hizi adabu hiyo imeandikwa katika sheria. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 juu ya taka iliipanga kwa daraja: kwanza kuzuia taka isitokee, pili kukitumia kitu tena, tatu kukivunja kiwe malighafi ya kitu kingine, kuchoma na kufukia ni mambo ya mwisho. Mpango huu ni mwema. Lakini yafaa tuiulize historia: daraja ya kwanza, iliyo bora kuliko zote, imepata kufuatwa wapi na kwa sharti gani?

Tuanze na daraja ya tatu, kwa kuwa ilipata viwanda mapema. Katika mji wa Batley, jimboni Yorkshire nchini Uingereza, Benjamin Law hutajwa kuwa ndiye aliyeanza, mwaka 1813, kuyararua matambara ya sufu yakarudi kuwa nyuzi, akazichanganya na sufu mpya, zikasokotwa na kufumwa tena. Kazi hiyo ikakua hata mwaka 1860 Samuel Jubb akaiandikia kitabu cha historia yake. Matambara yaliletwa kwa meli kutoka bara la Ulaya, yakachaguliwa kwa rangi na aina, yakatiwa katika mashine zenye meno. Hata vumbi lililobaki halikutupwa; liliuzwa likawa mbolea katika mashamba ya Kent.

Ustadi huu wastahili sifa, lakini tusiusifu kwa lisilo lake. Uzi ukiraruliwa hukatika ukawa mfupi, na uzi mfupi hufanya nguo dhaifu. Ndiyo maana jina la kitambaa hicho, shoddy, likaja kuwa katika Kiingereza neno la kutukania kila kitu hafifu. Tena kiwanda cha matambara huishi kwa matambara. Hakimfundishi mtu kuitunza nguo yake, bali humngoja aitupe.

Daraja ya kwanza tutaiona katika nchi hiyo hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli za chakula zilipokuwa zikizamishwa baharini. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ilianza kugawa siagi, sukari na nyama ya nguruwe kwa vipimo. Mwezi wa Agosti mwaka huo kupoteza chakula kinachofaa kuliwa kukawa kosa la jinai. Mwaka 1942 ukaja mkate wa taifa, uliookwa kwa unga usiotolewa pumba zake nyingi, ili ngano ile ile ilishe watu wengi zaidi. Makombo yaliyokuwa hayaliwi yalikusanywa katika mapipa ya mitaani wakalishwa nguruwe.

Nguo zilifuata tarehe 1 Juni 1941. Kila mtu alipewa kuponi 66 za mwaka mzima, na suti moja ya mwanamume ilimla kuponi 26. Kuanzia mwaka 1942 washonaji walikatazwa kupindia miguu ya suruali, na mifuko na vifungo vikawekewa hesabu, kitambaa kisipotee kwa urembo. Mwaka 1943 serikali ikatoa kijitabu cha kufundisha kutia viraka, kufuma soksi zilizotoboka na kugeuza koti la baba kuwa la mwana. Mgawo wa nguo ulikoma tarehe 15 Machi 1949, na wa chakula tarehe 4 Julai 1954.

Ni nini kilichowafanya mamilioni ya watu kustahimili dhiki hiyo? Mahubiri yalikuwapo, lakini mahubiri peke yake hayatoshi. Jambo kubwa lilikuwa kwamba kizuizi kiliwekwa mlangoni pa kuingilia, nacho kilimhusu tajiri na maskini. Usawa huo haukuwa kamili, kwa maana kuponi zilikuwa sawa lakini makabati hayakuwa sawa, na aliyeingia vitani na suti 10 hakuuona uchungu wa aliyeingia na 1. Hata hivyo mtu huweza kufunga mkanda akijua kwamba jirani yake naye amefunga.

Vita vilipokwisha na nguo zikawa rahisi, adabu ile ilififia, na kazi ya uwekevu ikahamia kwa watu wengine. Hapo ndipo historia hii inapotufikia sisi. Nguo wanazoziacha watu wa Ulaya na Marekani hufungwa marobota, nasi tukaziita mitumba kwa jina la mafurushi yake. Tanzania ilipoulegeza uchumi wake katikati ya miaka ya 1980, biashara hii ilienea upesi. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua, ili viwanda vya kwetu vipate kuinuka. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walipeleka malalamiko kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma; Rwanda ikashikilia ushuru wake, na Julai 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda ruhusa ya kuingia kwake bila kodi.

Sisemi haya kwa kuidharau mitumba. Imewavika wengi, na muuzaji wa Gikomba na fundi cherehani anayeipunguza suruali pana wanaitenda daraja ya pili kwa ustadi mkubwa. Lakini muuzaji hulinunua robota lake kabla hajaliona ndani, na nguo zisizovalika zilizomo huishia katika majalala yetu. Anayeziba ufa si yule aliyeufanya.

Na ufa ni mpana. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, migahawa na majumba, na sehemu kubwa kuliko zote ilitoka majumbani. Kwa hiyo somo ni moja kwa sahani na kwa sanduku la nguo. Kutumia tena na kufanya upya ni kazi njema, lakini zikitendwa na mtu wa mbali humpa mnunuzi wa kwanza raha ya kununua bila hesabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga wetu. Nasi twaongeza kwamba mwenye ufa hana haja ya kuuziba, maadamu ukuta hujengwa na jirani.