Nyumba na Majina Yake: Kijiji cha Makumbusho

Neno "makumbusho" limetokana na "kumbuka" kwa kupitia kauli ya kutendesha, "kumbusha". Hivyo linadai pande mbili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Makumbusho yaliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, kwa jina la Mfalme George wa Tano, yaliweka vitu ndani ya jengo. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966 kando ya barabara iendayo Bagamoyo, kilishika njia nyingine. Humo zilijengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali, zikiwemo msonge ya Wahaya na tembe ya Wagogo.

Lakini nyasi huoza na udongo humomonyoka. Nyumba kama hizo hazihifadhiki ila kwa kujengwa upya, na ujenzi hauendi bila msamiati wake. Hapo ndipo ilipo thamani ya Siku za Utamaduni wa Mtanzania, zilizoanza kijijini hapo mwaka 1994. Jamii inayoalikwa huonyesha ufundi, mapishi na ngoma zake, na familia huja na watoto wao.

Wengi wetu huyaita hayo burudani. Hoja yangu ni kwamba ni darasa la leksikografia. Mzee wa ufundi akifariki kabla mtoto hajamwuliza "hiki chaitwaje?", nyumba yaweza kubaki imesimama ilhali hakuna ajuaye jina la ufito wake hata mmoja. Kwa hiyo wanafunzi wa isimu nao waende, daftari mkononi.