Mazao ya kufunika udongo: mwongozo kwa wakulima wa Busia na Tororo

Je, shamba lako linatoa mavuno machache kila msimu ingawa unalima na kupalilia vizuri? Huenda udongo umechoka. Mwongozo huu unaeleza mazao ya kufunika udongo, yanavyofanya kazi, na jinsi ya kuyapanda hata kama ardhi unayolima si yako.

Mazao ya kufunika udongo ni nini?

Ni mimea inayopandwa hasa ili kulinda na kurutubisha udongo. Mingi ni jamii ya kunde. Mizizi yake ina vifundo ambamo bakteria huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuifanya mbolea. Majani hukinga udongo dhidi ya jua kali na matone ya mvua, huzuia magugu, na yakioza huongeza mboji.

Kwa nini yanafaa hapa?

Sehemu nyingi za Busia, pande zote mbili za mpaka, na za Tororo zina udongo wa kichanga usiohifadhi rutuba kwa muda mrefu. Mashamba ni madogo, hivyo watu wachache wanaweza kuyapumzisha. Tena kuna kiduha, gugu la maua ya zambarau ambalo wengi hapa huliita kayongo. Gugu hili hushika mizizi ya mahindi, mtama na wimbi na kunyonya chakula chake. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Kayongo hustawi zaidi mahali udongo umechoka.

Uchague zao gani?

- Kunde na fiwi (njahi). Chagua haya kama unahitaji chakula. Majani ya kunde ni mboga na mbegu huliwa. Fiwi huvumilia ukame kuliko maharagwe. Chemsha mbegu kavu za fiwi vizuri na umwage maji ya kwanza.
- Mukuna. Hufunika ardhi haraka na kuua magugu mengi. Ni jamii moja na upupu wa porini, lakini aina ya shambani haiwashi. Usipike mbegu zake kama maharagwe ya kawaida, kwa sababu zina kemikali inayoweza kukudhuru.
- Kanavalia. Huvumilia kivuli na udongo duni. Aina isiyotambaa inafaa kati ya mihogo au migomba.
- Marejea. Ni jamii ya mboga ya mitoo. Husimama wima na hupunguza minyoo ya mizizi. Usiwape mifugo mbegu zake, zinaweza kuwa na sumu.
- Desmodiamu. Chagua hii kama kayongo ndiyo shida yako kubwa. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia kushika mizizi ya mahindi, nazo hufa. Harufu yake hufukuza nondo wa funza wa mabua. Ikizungushiwa majani ya tembo pembeni mwa shamba, nondo huvutwa huko. Njia hii inaitwa vuta-sukuma. Iliendelezwa tangu miaka ya 1990 na kituo cha icipe kilichoko Mbita, Kenya, pamoja na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Desmodiamu na majani ya tembo pia ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi.

Jinsi ya kupanda mukuna ndani ya mahindi

1. Panda mahindi mvua zinapoanza, kama kawaida.
2. Subiri wiki 4 hadi 6, kisha palilia. Ukipanda mukuna mapema, itapanda juu ya mahindi na kuyaangusha.
3. Weka mbegu 2 kwa kila shimo katikati ya mistari ya mahindi. Acha sentimita 30 hivi kati ya mashimo.
4. Baada ya kuvuna mahindi, iache mukuna iendelee kufunika ardhi.
5. Ikianza kutoa maua, ikate. Acha majani juu ya udongo, usiyachome. Acha mimea michache ikomae upate mbegu za msimu ujao.

Usitarajie muujiza kwa msimu mmoja. Mazao haya huongeza naitrojeni, lakini hayatoshi kuleta fosforasi. Ongeza samadi, au mbolea kidogo ikiwezekana.

Kama shamba ni dogo

Katika makazi kama Bidibidi nchini Uganda, familia nyingi zilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, pungufu kidogo ya robo eka. Ukiwa na kiwanja kama hicho, usikitoe chote. Anza na robo yake, sehemu iliyochoka zaidi, na msimu ujao uhamie sehemu nyingine. Kwingine panda kunde kati ya mahindi ili usikose chakula.

Kama ardhi si yako

Mwanzoni mwa 2008, maelfu ya Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivuka mpaka. Walipokewa Mulanda, wilayani Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo mwaka huo huo. Mtu anayeweza kuhamishwa hana faida na zao linalohitaji miaka. Kwa ardhi ya kukodi msimu mmoja, panda kunde au fiwi. Desmodiamu hukaa shambani miaka kadhaa, hivyo ipande tu ukiwa na makubaliano ya muda mrefu.

Ongea na mwenye shamba kabla ya kupanda. Kubalianeni utalima misimu mingapi, kodi haitapandishwa udongo ukipata nafuu, na nani atachukua majani ya mifugo. Andikeni, mtie sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1 upande wa Uganda, au mzee wa kijiji au chifu upande wa Kenya.

Nawe mwenye shamba, ukimnyang'anya mpangaji ardhi mara tu inapopona, anayefuata hataitunza.

Mbegu na ushauri

Uliza afisa kilimo wa kaunti ndogo yako, vikundi vya wakulima, au kituo cha KALRO Alupe, Busia, Kenya. Usivushe mbegu mpakani bila cheti cha afya ya mimea. Unaweza kubeba ugonjwa au wadudu bila kujua, na mbegu zako zinaweza kuzuiwa.