Kutoka Debe Hadi Dripu

Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto, na fundi cherehani wangu wa Mbagala hupima bila kuuliza. Hiyo ni kazi ya keni ya kumwagilia. Nilianza kuibeba mwaka 1983 Bonde la Msimbazi, upande wa Mkwajuni, Kinondoni, asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya magharibi. Mkubwa hubeba mbili akasawazika. Mtoto hubeba moja.

Mwaka huo ilikuja kampeni ya Nguvu Kazi, asiye na kazi mjini akawa anasombwa na mgambo kupelekwa shamba. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, lakini maduka yalikuwa bado makavu na foleni ya sukari ilianza alfajiri. Mama akaona matuta sita ya mchicha ni mboga, na ni jibu kwa mgambo pia.

Keni yenyewe haikutoka dukani. Mafundi wa Gerezani walichukua debe la bati la galoni 4, wakalikata, wakalitia mkono na mdomo, kisha wakakitoboa kichwa chake kwa msumari mwembamba. Ufundi wote ulikuwa hapo. Tundu likizidi, maji hufukua mbegu, na mbegu za mchicha ni ndogo hata mama alizichanganya na mchanga kabla ya kuzisia. Wiki tatu, unang'oa.

Madebe yakaadimika, yakaja madumu ya mafuta ya kula ya lita 20. Yakafuata machupa ya maji: kata kitako, toboa kifuniko, izike kichwa chini kando ya mnyanya. Bustani zetu Dar zimenyweshwa siku zote na vyombo vilivyotupwa na wengine. Wataalamu wana majina marefu ya jambo hili. Sisi tuliita kuokota.

Desemba 2011 mafuriko yalipita bondeni, wengi wakahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 bomoabomoa ikafika Mkwajuni. Mimi nilikuwa Mbagala tayari, ambako sina mto wa kuchota: kuna kisima cha jirani, na kila ndoo inalipiwa.

Kule Israeli, kampuni ya Netafim ilianzishwa mwaka 1965 ili kutengeneza mipira ya matone. Kwangu ilifika miaka 50 baadaye, ikiwa dumu juu ya matofali, mpira wa nusu inchi, matundu kila shubiri moja, na kipande cha kanga mdomoni cha kuchuja tope. Jirani akachungulia uani: "Shemeji, mboga zimelazwa? Naona umezitundikia dripu." Jina likashika mtaa mzima.

Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukaja, matuta yangu mawili hayakukauka. Kinachosumbua ni matundu kuziba; kila Jumapili nayazibua.

Nawe ukianza, toboa kwa pini. Msumari uache kwenye keni.