Chemirocha: Sauti Iliyopewa Miguu ya Swala

Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri, hakuwahi kukanyaga Afrika. Alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1897, akafia New York tarehe 26 Mei 1933 akiwa na umri wa miaka 35. Hata hivyo, miaka 17 baada ya kifo chake, wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kenya, walikuwa wakimwimba kwa jina la Chemirocha, nusu mtu, nusu swala, mchezaji asiyechoka. Katika wimbo wao walimwita aje kwenye ngoma ya kuruka, aruke kwa nguvu hata nguo zimtoke mwilini.

Wimbo huo ulirekodiwa mwaka 1950 na Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki. Kwenye sahani unaitwa "Chemirocha III", na mwimbaji anayetajwa ni Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kikipsigis. Ni wimbo mfupi: sauti nyororo ya kiongozi, kiitikio cha wenzake, na chepkong'o, ala yetu ya nyuzi, ikirudia mzunguko mmoja chini yao.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa muziki. Kazi yangu yote nimeifanya upande wa Mulot, mahali mto Amala unapopita kati ya Wakipsigis wa Bomet na Wamaasai wa Narok. Hapa kwetu ni mahindi na ng'ombe. Chai inaanza ukipanda kuelekea Bomet na Kaplong, na Kapkatet iko mbele zaidi, ndani kabisa ya nchi ya chai. Nimefundisha kwaya za shule kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na katika kazi hiyo nimesikia kisa cha Chemirocha kikisimuliwa mara nyingi na watu wa mbali. Karibu kila mara husimuliwa kama kichekesho: wanakijiji waliosikia sanduku linaimba wakadhani ni jini. Kisa hicho kinawadhulumu wasichana wale. Wao walikuwa watunzi, na nataka tuutazame wimbo wao kama utunzi.

Tuanze na sauti yenyewe. Rodgers alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi ya kufunga breki za mabehewa, akizunguka kusini mwa Marekani, na kwa vibarua Weusi waliotandika reli alisikia nyimbo za huzuni ziitwazo bluzi, akajifunza kuzipiga kwa gitaa. Mwaka 1924 madaktari waligundua ana kifua kikuu. Reli ikamshinda, akabaki na gitaa. Tarehe 4 Agosti 1927 alirekodi nyimbo zake za kwanza mjini Bristol, Tennessee, mbele ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Katika miaka sita iliyobaki alirekodi zaidi ya nyimbo 100, mmoja wao mwaka 1930 akiwa na tarumbeta ya Louis Armstrong. Alisafiri na maonyesho ya mahemani, akiimba huku anakohoa damu. Mei 1933 alifika studio New York akiwa dhaifu kiasi cha kuwekewa kitanda ili apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alifariki siku chache baadaye.

Kilichomtofautisha na wengine ni jinsi alivyoivunja sauti yake. Anaimba kwa sauti ya kifuani, halafu ghafla sauti inaruka juu kichwani, inashuka, inaruka tena, bila neno lolote ndani yake. Ni mtindo wa wachungaji wa milima ya Ulaya, yeye akauchanganya na bluzi ya watu Weusi. Mtu asiyejua Kiingereza hakosi chochote katika sehemu hiyo, kwa sababu hakuna Kiingereza. Kuna mruko tu.

Sauti hiyo ilifikaje kwetu? Reli ya Uganda ilifika ziwani mwaka 1901, ikipita Lumbwa, kituo tunachokiita sasa Kipkelion. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi Kericho. Bidhaa za Wazungu zilishushwa Mombasa, zikapanda treni hadi nyanda zetu, na miongoni mwa bidhaa hizo zilikuwamo santuri za kuzungusha kwa mkono. Walowezi walikuwa nazo, wamisheni pia. Miaka hiyohiyo sauti zilikuwa zinasafiri huku na huku baharini: mwaka 1928 Siti binti Saad alitoka Unguja kwa meli hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu, na sahani zake zikarudi kuuzwa pwani yote. Msafiri wa zamani alibeba ala yake mgongoni, akaomba maji, akalala kwa watu, akaonekana uso. Msafiri wa santuri alifika bila uso. Alikuwa koo tupu.

Hapo ndipo kazi ya wasichana ilipoanza. Sauti imekuja bila mwili. Utaipa mwili gani?

Utamaduni wetu ulikuwa na jibu la tayari, nalo ni baya. Kila mtoto wa Kikalenjin aliyelelewa na kogo, yaani bibi yake, analijua zimwi Chemosit. A. C. Hollis, ofisa wa Kiingereza, aliliandika katika kitabu chake kuhusu Wanandi, ndugu zetu, mwaka 1909: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, matako tisa, mdomo mwekundu unaong'aa gizani kama taa. Chemosit huimba usiku porini. Watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakienda huliwa. Sasa fikiria santuri ndani ya nyumba ya Mzungu, jioni, taa inawaka, na ndani mtu asiyeonekana anaimba kwa lugha isiyoeleweka. Kila alama ya Chemosit ilikuwa pale. Watu wa woga tu wangeishia hapo, na wimbo wao ungekuwa wa kuonya watoto.

Wasichana wa Kapkatet walikataa jibu hilo. Walichukua umbo la nusu mtu, nusu mnyama, wakalibadilisha katika kila jambo muhimu. Mguu mmoja ukawa miguu ya swala. Zimwi linalowaita watoto gizani likawa mgeni anayeitwa na wasichana kwenye uwanja wao. Katika hadithi za Chemosit, anayeimba ndiye mwenye nguvu, na anayesikia ndiye mawindo. Katika "Chemirocha III" wasichana ndio wanaoimba, naye ndiye anayetakiwa aonyeshe anachoweza. Wanamwamuru aruke. Wanataka kuona nguo zikimdondoka. Huo ni utani wa wasichana kwa mvulana anayejisifu kwa ngoma, na popote ulipo utani wa namna hiyo, hofu haina nafasi.

Na kwa nini swala? Naamini jibu liko kwenye sikio. Nimewachezea wanafunzi wangu rekodi za Rodgers bila kuwaambia lolote, nikawaomba waoneshe kwa mwili kile wanachosikia. Sauti inapovunjika kwenda juu, wanaruka. Hawafikirii, wanaruka tu. Ngoma yetu yenyewe ni ya kuruka: mchezaji anasimama wima, anajitupa juu, anatua, anajitupa tena, na jirani zetu Wamaasai ng'ambo ya Amala hufanya vivyo hivyo. Msikilizaji aliyelelewa katika ngoma hiyo, akisikia koo linaruka namna ile, ataona miguu. Katika malisho yetu mnyama mwenye miguu hiyo ni swala. Wasichana walisikiliza kwa makini kuliko wahakiki wengi, wakatoa maelezo sahihi ya ufundi wa Rodgers kwa picha moja.

Kuna sababu ya pili, nayo inahusu namna Wakipsigis tulivyowapokea wageni tangu zamani. Miongoni mwetu mtu ana ukoo, oret, na ukoo una mnyama wake, tiondo. Talai wana simba. Tung'o wana fisi. Kipamwi wana paa mdogo tunayemwita cheptirgichet. Wengi wetu, tukihesabu mababu, tunamkuta Mgusii au Mmaasai aliyeingia, akapokewa katika ukoo, na tangu siku hiyo hakuwa mgeni tena. Mtu asiye na oret hana pa kukaa katika jamii. Aliyepewa mnyama amepewa jamaa. Sisemi kwamba wasichana walifanya tambiko la kumpokea Rodgers. Nasema walikua ndani ya desturi inayofikiri hivyo, na walipokutana na sauti isiyo na ukoo walifikiri kama walivyofunzwa nyumbani: wakampa jina linalotamkika kwetu, wakampa mnyama, wakampa nafasi kwenye ngoma.

Tracey alikuwa msafiri pia, wa aina nyingine. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaja kijana kulima tumbaku katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe, akavutwa na nyimbo za Washona aliofanya nao kazi shambani. Baadaye alizunguka Afrika na gari la mitambo, jenereta likiwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye rekodi, maikrofoni akiishika kwa mkono na kuisogeza kwa mwimbaji anayehitajika. Upande mmoja wa sahani za wakati ule ulibeba dakika tatu na kidogo tu, kwa hiyo nyimbo za ngoma zilizokesha usiku kucha zilikatwa zikaingia humo. Kwetu alirekodi nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Hiyo ya tatu ndiyo iliyosafiri zaidi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, na mkusanyo wake ukatolewa katika sahani zaidi ya 200.

Maelezo yake ya wimbo ndiyo yaliyoupa umaarufu. Aliandika kwamba Chemirocha amegeuzwa mungu wa kienyeji, akamlinganisha na Pan, mungu wa Wagiriki mwenye miguu ya mbuzi. Namshukuru Tracey kwa kuandika jina la Chemutoi Ketienya, maana warekodi wengi wa enzi hiyo hawakujali majina ya wanawake wa vijijini. Lakini Pan ni wa Ugiriki. Kapkatet ina Chemosit, ina oret, ina ngoma ya kuruka. Aliyetaka kuuelewa wimbo huu hakuhitaji kuvuka bahari kutafuta mfano.

Muziki wetu haukusimama mwaka 1950. Gitaa, ala ya Rodgers mwenyewe, liliingia mikononi mwa vijana wetu, na waliozoea kung'oa nyuzi za chepkong'o walilipiga kwa namna hiyohiyo: mzunguko mfupi unaorudiwa, sauti ikisimulia juu yake. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walijenga muziki wa Kikalenjin wa gitaa uliopendwa kote Bonde la Ufa. Mjini Kericho, duka la muziki la Chandarana lilirekodi na kuuza sahani za benga na za Kikalenjin, hata mji wa chai ukawa mji wa sahani. Leo Kass FM na Chamgei FM huzipiga nyimbo hizo za zamani, na mashabiki wa muziki wa kantri, ule ambao Rodgers anaitwa baba yake, wamejaa hapa Bomet na Kericho.

Wakati huo wote "Chemirocha III" ilikuwa Afrika Kusini, Ulaya na Marekani, ikisikilizwa na watu ambao hawakuijua Kapkatet. Ndipo mwaka 2014 na 2015 maktaba ile, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa, ilizileta rekodi za Tracey kwa jamii zilizoziimba. Wazee wakasikia tena sauti za ujana wao na za jamaa waliokwisha kufa. Naliona jambo hilo kuwa la haki. Wimbo ulioondoka na gari la mgeni umerudi nyumbani, na sasa ni juu yetu tuutumie.

Ninachoomba ni mambo mawili. La kwanza ni kwa walimu wenzangu: mkiwafundisha watoto wimbo huu kwa ajili ya tamasha, msiuite wimbo wa Jimmie Rodgers. Yeye ni mada yake. Mtajeni Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kapkatet kama wenye kazi, na mfundishe chepkong'o pamoja nao, kwani bila ala hiyo wimbo unapoteza ardhi unayorukia. La pili ni kwa kila mtu wa kutoka Kapkatet hadi Mulot mwenye bibi aliyekuwa msichana mwaka 1950. Bibi huyo sasa ana umri wa miaka 80 au zaidi. Mchezee rekodi hii kwenye simu yako, muulize nani alikuwapo, walikuwa wa oret gani, na nyimbo gani nyingine waliimba jioni zile. Andika majina. Rodgers ana makumbusho yake Meridian, Mississippi. Watunzi wake wa Kapkatet wanatutegemea sisi.