Hina haishiki? Tazama maji kabla ya kukimbilia piko

Kila Idd au msimu wa harusi ukikaribia, hina hununuliwa kwa wingi. Wiki mbili baadaye malalamiko huwa yale yale: "Hina za siku hizi hazishiki." Hapo ndipo mtu huanza kuchanganya na piko ili rangi ikolee na ikae. Mara nyingi kosa si la hina. Kosa liko katika kuitayarisha, na zaidi katika kuosha nywele siku za mwanzo.

Kabla ya kupaka

Rangi ya hina hushikana na protini ya unywele wenyewe. Kichwa kikiwa na mafuta ya nazi, rangi haipati pa kushika. Osha nywele kwa shampuu, usipake kitu, ziache zikauke. Tumia unga mpya. Uliokaa muda mrefu kwenye kopo wazi huwa umepungua nguvu. Koroga kwa maji ya vuguvugu na ndimu kidogo, funika, acha usiku kucha. Ndimu ikizidi hukausha nywele.

Paka fungu kwa fungu hadi kwenye mashina, hasa mvi za kipajini, maana hizo ni sugu. Vaa kofia ya nailoni joto lisitoke, ukae saa 3 hadi 4. Wengi hupaka baada ya Isha ili tope la hina lisiwazuie kutia udhu. Rangi inayobaki baada ya kuosha haizuii maji.

Siku tatu za mwanzo

Suuza kwa maji matupu. Rangi ikitoka ya machungwa, usiogope; hukolea yenyewe kwa siku 2 au 3 inapokutana na hewa. Kwa saa 48 usitie shampuu. Hapa ndipo wengi wetu tunapoipoteza.

Baada ya hapo

- Visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvi. Madini yake huganda kwenye nywele na kuifubaza rangi. Kinga maji ya mvua uyaweke kwa suuza ya mwisho, au tia kijiko 1 cha siki katika lita 1 ya maji.
- Tumia maji baridi. Shampuu mara 1 kwa wiki yatosha, na iwe isiyo na salfeti.
- Sasa mafuta ya nazi yana kazi: yapake kabla ya kuosha, yatapunguza nywele kuchakaa.
- Jua hupausha rangi. Mtandio ni kinga nzuri.
- Ukienda kuogelea, lowesha nywele kwanza kwa maji safi, zisinywe sana chumvi au klorini.
- Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Mwezi ukipita, rudia mashina tu.

Rangi za dukani pia hutunzwa hivyo, ila muda wa kupaka ufuate maelezo ya paketi. Kuzidisha dakika hakuongezi siku za rangi.

Kwa nini si piko

Piko ina kemikali iitwayo PPD. Rangi za nywele za paketi nyingi pia zinayo, lakini kwa kipimo. Piko ya kupimiwa dukani haina kipimo kinachojulikana. Huweza kuvimbisha uso na kutoa malengelenge, na mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida huikataa maisha. Ikimezwa huvimbisha koo na kuharibu figo, na imeshaua watu. Isikae nyumba yenye watoto.

Anayetaka rangi nyeusi zaidi apake hina kwanza, aioshe, kisha apake unga wa majani ya mnili, si buluu ya kufulia. Na rangi yoyote mpya ijaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, ungoje saa 48. Ukiona uvimbe wa uso au pumzi inabana, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Mtume (SAW) ametuhimiza kubadilisha mvi, na wanazuoni wengi hawapendelei weusi mtupu. Kubadilisha mvi ni jambo la heri. Kujidhuru kwa ajili yake si katika dini.