Garrard ya Swindon: Historia Fupi ya Kiwanda cha Mashine za Santuri

Kampuni ya Garrard Engineering and Manufacturing, ambayo kwa zaidi ya miaka sitini ilitengeneza mashine za kuzungushia sahani za santuri, iliasisiwa nchini Uingereza mwaka 1915, mwaka uleule ambao manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Na ingawa matukio hayo mawili hayakusababishana, yote yalizaliwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyodai ujuzi mmoja, yaani kupima kwa hakika umbali uliopo kati ya mzinga na shabaha yake. Mwanzoni kampuni hiyo haikuwa na uhusiano wowote na muziki. Iliundwa na Garrard & Co., masonara wa London walioteuliwa rasmi kuwa masonara wa ufalme mwaka 1843, kwa sababu mafundi waliozoea kuchonga dhahabu na kupachika almasi ndio walioonekana kufaa kutengeneza vipimaumbali vya jeshi la mizinga. Kipimaumbali cha wakati huo kilikuwa bomba refu lenye lenzi kila upande, na mtazamaji alizilinganisha picha mbili za kitu kilekile hadi zikaungana, kisha akasoma umbali kwenye kipimo. Kosa la unywele mmoja ndani ya chombo lilikuwa kosa la mamia ya mita huko mbele.

Yaliyotokea Rufiji yanaonyesha mahali ambapo ujuzi huo ulifikia ukomo wake. Baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, nahodha Max Looff aliirudisha Königsberg ndani ya delta na kuificha upande wa Salale, nyuma ya mikoko mirefu, katika mikondo ambayo meli kubwa za adui hazikuweza kuingia kwa sababu ya uchache wa maji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakaizamisha meli ya mizigo Newbridge ili kuziba mkondo mmoja, na kisha wakaleta Severn na Mersey, meli mbili za kivita zisizohitaji maji ya kina kirefu, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, nchi itakayotokea tena katika historia hii kwa sababu nyingine kabisa. Hapo kipimaumbali hakikufua dafu, kwa kuwa chombo hicho humtaka mtazamaji aione shabaha kwa macho, na mikoko haikumruhusu yeyote aliye majini kuona chochote. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizotazama makombora yanaangukia wapi na kupeleka habari kwa simu ya upepo, na baada ya shambulio la tarehe 6 Julai 1915 kushindwa, lile la tarehe 11 Julai likaimaliza manowari hiyo. Mizinga yake kumi iliopolewa na kuburutwa bara, ambako jeshi la Kijerumani chini ya Lettow-Vorbeck liliendelea kuitumia, na mmoja wake umesimama hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

Vita vilipokwisha, hitaji la vipimaumbali nalo likaisha, na kampuni ikabaki na mafundi na mashine za kukereza vyuma bila kazi ya kufanya. Mwaka 1919 ilihamia Swindon, mji wa karakana za reli magharibi ya London, ikaanza kutengeneza mota za springi za gramafoni, bidhaa ambayo soko la Uingereza lilikuwa limezoea kuiagiza kutoka nje, ikiwamo Uswisi, nyumbani kwa kampuni ya Thorens.

Mota hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyoijenga Garrard na ndiyo iliyoifaa Afrika Mashariki kuliko chochote ambacho kampuni ilikitengeneza baadaye. Anayepiga santuri hupinda mkono wa chuma uliochomoza ubavuni mwa sanduku, na utepe mrefu wa chuma cha pua uliokunjwa ndani ya kopo hukazwa. Unapojikunjua, huzungusha gia zinazopeleka mwendo kwenye mhimili wa kati, na juu ya mhimili huo hukaa sinia linalobeba sahani. Ugumu hauko katika kuzungusha bali katika kuzungusha kwa mwendo usiobadilika, kwa sababu springi iliyotoka kupindwa husukuma kwa nguvu na springi inayoelekea kuisha husukuma kwa unyonge, ilhali sahani za enzi hizo zilitaka mizunguko 78 kwa dakika tangu neno la kwanza la wimbo hadi la mwisho. Dawa yake ilikuwa kidhibiti mwendo: vipande vitatu vidogo vya metali, kila kimoja kikiwa kimeshikizwa kwenye ulimi mwembamba wa springi kuuzunguka mhimili mdogo uendao kasi. Mwendo ukizidi, vipande hivyo hutupwa nje na kukivuta kisahani cha chuma hadi kikagusa kipande cha ngozi kilichotiwa mafuta, na msuguano ukaupunguza mwendo. Mwendo ukipungua, vipande hurudi ndani na kisahani kikaachia. Mapigo hayo ya kugusa na kuachia yalifanyika mfululizo, na msikilizaji hakuyatambua ila mafuta yalipokauka, ambapo sauti ya mwimbaji ilianza kupanda na kushuka kama ya mlevi.

Garrard iliuza mota hizo hasa kwa viwanda vingine, ambavyo viliziweka ndani ya masanduku yao na kuyabandika majina yao. Mtindo huo wa biashara ndio uliopunguza bei, kwa kuwa kiwanda kimoja kilichokereza maelfu ya gia za aina moja kiliweza kuwauzia wengi kwa gharama ambayo hakuna mmoja wao angeifikia peke yake. Matokeo yake ni kwamba mtu aliweza kumiliki kazi ya Swindon kwa miaka mingi bila kulijua jina la Garrard, lililokuwa chini ya sinia mahali pasipofunguliwa ila na fundi.

Soko la gramafoni katika pwani ya Waswahili lilipata msukumo wake mkubwa mwaka 1928, pale mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari kwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na sahani za Kiswahili zikaanza kuuzwa katika maduka ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Kabla ya hapo aliyenunua gramafoni alinunua chombo cha kusikilizia lugha za watu wengine. Sahani zenyewe zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu mgumu unaotolewa na wadudu fulani wa miti ya India, zilivunjika upesi, na zile za inchi kumi zilibeba takriban dakika tatu za wimbo kila upande, kwa hiyo mpinda springi hakupata nafasi ya kukaa kitako. Sindano nayo ilitakiwa ibadilishwe baada ya kila upande, ushauri ambao wengi waliupuuza na sahani zikalipa gharama.

Katika sehemu za delta ya Rufiji kama Salale, Mbwera au Nyamisati, ambako watu na boriti za mikoko vilisafiri kwa mtumbwi, mashua na jahazi na ambako hapakuwa na waya wa umeme, sifa ya kwanza ya kinanda cha santuri haikuwa utamu wa sauti wala hata bei, bali uwezo wa kufanya kazi kwa nguvu ya mkono wa mwenyewe. Hewa ya chumvi iliweza kuitia kutu springi, na grisi ilihitaji kufanywa upya, lakini hizo ni kazi ambazo fundi wa saa au wa cherehani aliziweza. Kwa kipimo hicho, bidhaa iliyofaa kuliko zote katika historia ya Garrard ilikuwa ile ya mwanzo, na maendeleo yaliyofuata, ambayo vitabu vya Ulaya huyasifu kwa haki, yaliisogeza kampuni mbali na delta hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa mota ya umeme. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 Swindon ilikuwa ikitoa mota za umeme pamoja na vibadilisha sahani, yaani mitambo iliyobeba rundo la sahani kwenye mhimili mrefu na kuziangusha moja baada ya nyingine bila kuguswa na mtu. Kibadilisha sahani kilikuwa jibu la kiustadi kwa tatizo la sahani za dakika tatu, na kiliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya tatizo lenyewe kutoweka, kwani sahani ndefu za vinaili zilizoingia sokoni mwaka 1948 ziliweza kucheza zaidi ya dakika ishirini kila upande.

Sahani hizo ndefu ndizo zilizoleta mitambo ya sauti aminifu, jina vinalopewa vyombo vinavyokusudia kutoa sauti iliyo karibu kabisa na ile iliyorekodiwa, na katikati ya miaka ya 1950 Garrard ilitoa modeli ya 301, ambayo bado ndiyo fahari yake. Ndani yake mota nzito ya umeme ilizungusha gurudumu dogo la mpira, na gurudumu hilo likasukuma ukingo wa ndani wa sinia zito la alumini. Kwa kulihamisha gurudumu kutoka ngazi moja ya kapi hadi nyingine, msikilizaji alipata mizunguko 33, 45 au 78, na kwa kitufe kingine alirekebisha mwendo kidogokidogo, kwa sababu kisahani cha alumini kilichopita kati ya sumaku kilizuiwa zaidi au pungufu kadiri sumaku ilivyosogezwa. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikuwa miongoni mwa watumiaji wake. Mrithi wake, 401, alitoka mwaka 1965.

Katika mwaka 1960 kampuni ilinunuliwa na Plessey, shirika kubwa la vifaa vya umeme na simu, na hapo ndipo ilipogeukia kwa nguvu zote soko la watu wa kipato cha kawaida. Modeli ya SP25, iliyokuwa na mota ndogo, sinia jepesi na mkono wa sindano uliorudi wenyewe sahani ikiisha, iliingia katika nyumba za wafanyakazi na vyumba vya wanafunzi kote Uingereza, ikatolewa kwa matoleo mengi, na kwa wasikilizaji wengi ndiyo iliyokuwa mlango wa kwanza wa sauti aminifu. Wajuzi waliidharau, nao hawakukosea kuhusu mngurumo wa mota yake. Walichokisahau ni kwamba wauzaji wa sahani waliishi zaidi kwa fedha za wenye SP25 kuliko za wenye 301.

Modeli hizo zote zilitaka umeme wa ukutani. Wakati huo muziki wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, ulikuwa umefika kwenye sahani ndogo za mizunguko 45 zilizochapwa Nairobi, zikiwamo za bendi kama ile ya Salum Abdallah wa Morogoro na baadaye za Mbaraka Mwinshehe, lakini vijiji visivyo na umeme vilizipata kupitia redio ya betri na vinanda vidogo vya betri, soko ambalo walilihudumia Philips wa Uholanzi na Wajapani, si Garrard. Sahani zenyewe nazo zilipata pigo mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, kwa kuwa Tanzania ilitegemea mitambo ya kuchapa iliyokuwa upande wa pili wa mpaka. Kaseti, ambayo Philips waliizindua mwaka 1963, ilikuwa tayari kuchukua nafasi iliyoachwa wazi.

Huko Swindon anguko lilitokana na sababu nyingine. Mwaka 1961 kampuni ya Marekani ya Acoustic Research ilionyesha kwamba mkanda wa mpira unaounganisha mota ndogo na sinia huzuia mtikisiko wa mota usifike kwenye sindano, tena kwa gharama ndogo, na Thorens wakaufuata mtindo huo. Mwaka 1970 Technics wa Japani wakaleta mota inayozungusha sinia moja kwa moja. Garrard ilijibu mwaka 1971 kwa Zero 100, ambayo kichwa chake cha sindano kiligeuzwa na fimbo ya pili kadiri mkono ulivyosonga, ili sindano isimame sawasawa na mfereji wa sahani tangu ukingoni hadi katikati. Lilikuwa wazo zuri la kijiometria lililolemewa na maungio mengi mno. Mwaka 1979 Plessey waliiuza Garrard kwa Gradiente wa Brazili, kampuni yenye viwanda Manaus, katika bonde la mito ambayo Severn na Mersey zilijengewa.

Kazi ya kutengeneza vinanda bora kwa bei ya mtu wa kawaida ilirithiwa na Rega, iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1973 na Tony Relph na Roy Gandy, na tangu mwaka 1991 na Pro-Ject ya Austria, ambayo mwasisi wake, Heinz Lichtenegger, aliviunda vinanda vyake katika kiwanda cha Litovel huko Cheki. Wote wawili walichagua mkanda wa mpira. Jina la Garrard lilipita kwa mafundi wa Loricraft, waliokarabati 301 na 401 za zamani, hadi lilipochukuliwa mwaka 2018 na kundi la kampuni za Cadence kutoka India, ambalo tayari lilikuwa limeinunua SME, mtengenezaji maarufu wa mikono ya sindano. Leo 301 iliyofanywa upya ni bidhaa ya matajiri. Kwa upande mwingine, baadhi ya vinanda vya bei nafuu vya sasa hupokea umeme mdogo wa mkondo mnyoofu, kiasi ambacho betri ya sola ya nyumbani inaweza kukitoa, kwa hiyo mkazi wa Mbwera mwenye paneli juu ya paa anaweza kukiendesha kinanda kama hicho pamoja na spika ndogo. Shida itakayombakia ni kuzipata sahani.