Reli ikihama, njia yake ni ya nani?

1/ Kila kampeni utasikia "ardhi ya reli". Swali ni moja: reli ikiondoka, nani anapewa njia yake? Nairobi ilishajibu.

2/ Reli ilifika hapa 1899. Ikielekea Kikuyu, ilipita pale Uhuru Highway ilipo leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikahamishwa, njia yake ikawa barabara kuu.

3/ New York, 2009, reli iliyoachwa ilifunguliwa kama bustani ya kutembea. Sisi 2022 tukaongeza barabara ya kulipia juu ya ile ile. Inaishia James Gichuru, karibu na Kangemi. Boda na wanaotembea hawaruhusiwi.

4/ Na asubuhi watu wa Kangemi wanashuka Westlands kwa miguu. Kwa hivyo mgombea akiahidi kutumia ardhi ya reli, muulize: anayetembea amewekewa mita ngapi?